KUIONJA DUNIA KWA KILOMITA MBILI: Historia ya Vyakula vya Mataifa huko Epcot na Nafasi ya Kiswahili

Utangulizi

Sisi walimu wa Kiswahili hufundisha msamiati wa chakula mapema sana, mara tu baada ya maamkizi. Mwanafunzi hupewa orodha: wali, ugali, nyama, samaki, chai, maji. Huikariri, hufanya jaribio, kisha darasa husonga mbele. Ni nadra kusimama na kujiuliza maneno hayo hufanya nini yakishasafiri mbali na majiko yetu. Katika makala haya tunafuatilia safari moja ya namna hiyo. Tutaeleza jinsi vyakula na vinywaji vya mataifa vilivyopata kuuzwa pamoja katika bustani za burudani huko Marekani, hasa bustani ya Epcot jimboni Florida, na jinsi maneno ya Kiswahili yalivyoingia katika biashara hiyo.

Tunaposema bustani ya burudani hatuna maana ya bustani ya maua. Ni eneo kubwa lenye uzio ambalo mgeni hulipa kiingilio, akakuta humo majengo, michezo, maduka na migahawa iliyopangwa kufuata wazo moja. Wazo la sehemu tunayoizungumzia ni kwamba mtu anaweza kuizunguka dunia kwa miguu katika siku moja, akila na kunywa katika kila nchi anayopita.

Hoja yetu ni hii: katika meza hiyo ya dunia, nchi haikupewa jiko kwa utamu wa chakula chake, bali kwa kuwa palikuwa na mtu wa kuligharimia. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Kiswahili nacho kilifika mezani kwa njia ya pekee: majina yalitangulia, chakula kikabaki nyuma.

Chimbuko: maonyesho makubwa ya kimataifa

Wazo hilo halikuanza na Walt Disney. Mwaka 1851 Waingereza walifanya Maonyesho Makuu mjini London, ndani ya jumba la vioo lililoitwa Crystal Palace. Bidhaa za mataifa zilipangwa humo ili zitazamwe. Chakula kilikuwa huduma tu, wala hakikuhesabiwa kuwa sehemu ya maonyesho. Pombe ilipigwa marufuku, na kampuni ya Schweppes, iliyopewa kazi ya kuwahudumia wageni, iliuza chupa zaidi ya milioni 1 za vinywaji baridi. Mgeni aliitazama dunia nzima huku akinywa soda ya Kiingereza.

Mambo yalibadilika mjini Paris mwaka 1867. Jumba la maonyesho lilikuwa na umbo la yai, na ukingo wake wa nje ulizungukwa na migahawa ya mataifa mbalimbali. Aliyetaka aliweza kulizunguka jumba akitoka jiko la taifa moja na kuingia la taifa jingine. Msomaji auweke akilini mzunguko huo, kwa maana tutaukuta tena Florida zaidi ya miaka 100 baadaye.

Mjini Chicago mwaka 1893, burudani zilitengewa njia yake iliyoitwa Midway Plaisance. Palikuwa na mtaa ulioiga Cairo, na palikuwa na kijiji cha watu wa Dahomey, nchi ambayo leo ni Benin. Hapa historia yetu ina doa, kwani watu wenyewe waligeuzwa kuwa vitu vya kutazamwa. Katika maonyesho hayohayo Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa akawa msemaji mkuu wa Wamarekani weusi, alisimama kama mwakilishi wa Haiti. Yeye na Ida B. Wells walishiriki kutoa kijitabu kilicholalamikia kutengwa kwa Wamarekani weusi. Douglass hakupewa nafasi na nchi yake mwenyewe. Banda la Haiti, nchi huru ya watu weusi, ndilo lililompa mahali pa kusimama. Tangu wakati huo ilikwisha kuonekana kwamba mwenye banda ana sauti.

Hatua ya mwisho kabla ya Disney ilikuwa New York, mwaka 1964 na 1965. Maonyesho haya hayakuidhinishwa na shirika la kimataifa linalosimamia shughuli hizo, kwa hiyo serikali nyingi za Ulaya hazikushiriki rasmi. Pengo lilijazwa na kampuni na wafanyabiashara. Kijiji cha Ubelgiji, mathalani, kilikuwa mradi wa watu binafsi. Hapo ndipo Wamarekani wengi walipoonja mkate laini wa Kibelgiji, wenye vishimo vya mraba, uliopambwa kwa malai na matunda ya stroberi. Hadi leo mkate huo huliwa Marekani kwa jina la Ubelgiji.

Afrika nayo ilikuwapo. Mataifa mengi mapya ya bara hili yalishirikiana katika banda moja, na wageni waliburudishwa na wapiga ngoma kutoka Burundi, nchi iliyokuwa imepata uhuru wake mwaka 1962. Ngoma ilisikika vyema. Hata hivyo, hapakuwa na chakula cha Kirundi kilichobaki vinywani mwa Wamarekani kama ule mkate wa Kibelgiji ulivyobaki.

Walt Disney alikuwa New York kikazi. Kampuni yake ilitengeneza maonyesho manne kwa ajili ya Ford, General Electric, jimbo la Illinois, na Pepsi iliyoshirikiana na UNICEF. Alijifunza jambo moja kubwa: kampuni ziko tayari kulipa gharama za burudani mradi majina yao yaonekane.

Epcot: mabanda kuzunguka ziwa

Mwezi Oktoba 1966 Disney alirekodi filamu ya kueleza mpango wa mji wa mfano ambao aliuita EPCOT. Ulikuwa uwe mji wa watu wapatao 20,000, na katikati yake pawe na maduka na mitaa inayoiga sehemu mbalimbali za dunia. Alifariki tarehe 15 Desemba mwaka huohuo. Warithi wake hawakuujenga mji huo. Walijenga bustani, nayo ikafunguliwa tarehe 1 Oktoba 1982.

Nusu moja ya bustani ilihusu sayansi na teknolojia. Nusu ya pili, iitwayo World Showcase, ilikuwa na mabanda tisa kuzunguka ziwa: Meksiko, China, Ujerumani, Italia, Marekani, Japani, Ufaransa, Uingereza na Kanada. Moroko iliongezwa mwaka 1984 na Norwe mwaka 1988, na tangu hapo idadi imebaki 11. Njia ya kulizunguka ziwa ni takriban kilomita mbili. Neno banda lisimfanye msomaji afikirie vibanda vya maonyesho ya Sabasaba. Haya ni majengo makubwa, yenye viwanja, minara na migahawa ya kudumu.

Ukiuliza kila banda lilipataje jiko lake, karibu kila mara utaikuta fedha au kampuni mlangoni. Japani iliwakilishwa na Mitsukoshi, kampuni ya maduka makubwa ya Tokyo, ambayo iliendesha duka na migahawa. Mgahawa wa Ufaransa uliasisiwa na wapishi watatu mashuhuri, Paul Bocuse, Roger Vergé na Gaston Lenôtre. Italia ilianza na mgahawa wa Alfredo wa Roma. Banda la Norwe lilijengwa kwa fedha za wawekezaji wa Norwe. Moroko ilikuwa ya namna yake, kwa sababu Mfalme Hassan wa Pili aliingia katika jambo hilo moja kwa moja, akapeleka mafundi wa kupamba kuta kwa vigae vya rangi.

Jambo la pili lililoyapa mabanda haya uzito ni watu. Wahudumu wengi walikuwa vijana waliotoka katika nchi husika, na mwaka 1990 sheria ya uhamiaji ya Marekani iliweka viza maalumu, aina ya Q, kwa mabadilishano ya kitamaduni ya namna hiyo. Mgeni akiagiza chakula Norwe, huenda akahudumiwa na Mnorwe ambaye kibao chake cha jina kinataja kwao. Akitamka vibaya, atasahihishwa.

Jambo la tatu ni kileo. Katika bustani kongwe ya Disney huko Florida, iliyofunguliwa mwaka 1971, pombe haikuuzwa hadi mwaka 2012. Epcot iliiuza tangu siku ya kwanza, kwa hoja kwamba huwezi kumwonjesha mtu Ujerumani bila bia wala Ufaransa bila mvinyo. Kutokana na hilo ilizuka desturi ya vijana kunywa kinywaji kimoja katika kila banda hadi wayamalize yote 11, nao huiita kuinywa dunia. Wengi hawafiki mwisho wakiwa wima.

Katikati ya miaka ya 1990 ilianzishwa sherehe ya kila mwaka ya vyakula na mvinyo vya kimataifa. Vibanda vidogo huongezwa kando ya njia, na kila kimoja huuza sahani ndogo za kuonja tu. Ni chovya chovya ya kweli, na aliyekwenda huko anajua kwamba kinachomalizika upesi si buyu la asali, bali mfuko.

Banda ambalo halikujengwa

Ndugu msomaji atakuwa amegundua kwamba, ukiacha Moroko, Afrika haimo katika orodha ile. Haikusahauliwa. Epcot ilipofunguliwa ilitangazwa kwamba banda la Afrika ya Ikweta lingefuata. Alex Haley, mwandishi wa kitabu cha Roots cha mwaka 1976, alikuwa mshauri wa mradi huo, na katika kipindi cha televisheni cha ufunguzi mwaka 1982 alitokea akiueleza. Pangekuwa na jukwaa juu ya mti, likitazama wanyama wanaokunywa maji, na filamu ya historia ya Afrika. Mabanda ya Hispania na Israeli nayo yalitangazwa. Hakuna hata moja lililojengwa. Katika kisa cha Afrika, wafadhili hawakupatikana.

Penye nafasi kati ya China na Ujerumani pakabaki kituo kidogo chenye mandhari ya Kiafrika. Hapo mgeni hupata kinywaji baridi na kuangalia vinyago. Ufaransa ilipata wapishi watatu mashuhuri. Nchi zote za Ikweta zilipata mahali pa kuuzia soda.

Soda hiyohiyo inatupa kisa kingine. Mwaka 1998 Coca-Cola ilifungua ndani ya Epcot chumba cha kuonja bure soda zake kutoka nchi mbalimbali, ambacho mwaka 2005 kiliitwa Club Cool. Kwa miaka kadhaa, mojawapo ya mabomba yake ilitoa Krest ya tangawizi, ikiwakilisha Msumbiji. Krest ni jina linalofahamika sana madukani Afrika Mashariki. Hata hivyo si kinywaji cha jadi cha Msumbiji wala cha nchi nyingine yoyote ya Afrika; ni mali ya kampuni. Mgeni aliyekinywa aliondoka akiamini kwamba ameionja Msumbiji.

Harambe: majina yanafika kabla ya chakula

Tarehe 22 Aprili 1998 Disney ilifungua bustani nyingine jirani na Epcot, yenye wanyama hai, iitwayo Animal Kingdom. Hapa ndipo Kiswahili kinapoingia. Sehemu ya Afrika ilijengwa kama mji wa kubuni uitwao Harambe. Wasanifu, wakiongozwa na Joe Rohde, walichukua mfano wa miji ya pwani yetu, hasa Lamu. Kuta zilifanywa zionekane zimechakaa, na maandishi ya Uhuru 1961 yakawekwa, mwaka uleule ambao Tanganyika ilipata uhuru. Hata hivyo, mapaa yaliezekwa kwa nyasi na mafundi wa Kizulu kutoka Afrika Kusini, ilhali pwani ya Lamu huezeka kwa makuti.

Jina lenyewe ni somo. Neno letu ni harambee, lenye irabu mbili mwishoni, wito wa kuvuta pamoja ambao Kenya iliufanya kuwa kaulimbiu ya taifa. Florida limepoteza irabu moja. Mwanafunzi anayedhani kurefusha irabu ni jambo dogo aonyeshwe mfano huu.

Tukienda kwenye vibao vya vyakula, tunakuta darasa zima la sarufi. Kuna kibanda cha vitu baridi na vitamu kiitwacho Tamu Tamu, ambapo kivumishi kimerudiwa bila kiambishi. Katika soko la chakula lililofunguliwa mwaka 2015 kuna kibanda kiitwacho Kitamu, chenye kiambishi cha upatanisho cha ngeli ya KI-VI. Kitamu ni nini? Ni chakula, bila shaka; nomino haikutajwa lakini sarufi inaidokeza. Jirani yake kuna Wanjohi, kibanda cha vinywaji. Wanjohi ni jina la kiume la Kikuyu, na katika lugha hiyo njohi ni pombe. Aliyechagua jina hilo alijua alichokifanya, lakini ni wageni wachache sana wanaoupata utani huo.

Kuna pia Dawa, baa ya Harambe. Dawa kama jina la kinywaji, yaani vodka yenye ndimu na asali, ni maarufu Kenya, na mgahawa wa Carnivore wa Nairobi ulichangia kulieneza. Neno hilo lilianza kwa mganga, likaenda hospitalini, kisha baa, na sasa liko Florida. Huu ni mfano mzuri wa kupanuka kwa maana ya neno.

Mwaka 2001 ilifunguliwa hoteli ya kulala wageni kando ya bustani hiyo, nayo ikapewa migahawa miwili yenye majina ya Kiswahili: Jiko na Boma. Jiko lilisifika kwa mvinyo wa Afrika Kusini. Boma lilipakua bobotie, chakula cha nyama ya kusaga cha Rasi ya Afrika Kusini, pamoja na vyakula vya kaskazini na magharibi mwa bara. Kitindamlo chake mashuhuri hutiwa Amarula, kileo cha Afrika Kusini. Juisi inayopendwa huko kwa jina la juisi ya msituni ni mchanganyiko wa pasheni, chungwa na pera uliopata umaarufu katika visiwa vya Hawaii. Kwa maneno mengine, sufuria ni ya kwingine na kifuniko ni cha kwetu.

Tuseme ukweli, si kila kitu kilikwenda kombo. Mwaka 2009 ulifunguliwa mgahawa uitwao Sanaa, unaounganisha vyakula vya Afrika na viungo vya Kihindi, na ambao ulipata sifa kwa mikate ya naan na achari zake. Kwa mtu wa pwani hilo si jambo geni. Historia yetu ya pilau, biriani, chapati na sambusa ndiyo hiyohiyo. Aidha, mwanzoni mwa miaka ya 2020 sherehe ya vyakula ya Epcot iliweka kibanda cha Kenya. Sahani yake moja ilikuwa nyama iliyookwa kwa mchuzi wenye kahawa, ikiambatana na kachumbari, na neno kachumbari likaandikwa wazi. Lakini chakula cha unga wa mahindi kilichokuwa chini ya nyama hiyo kiliitwa mealie pap, kwa jina la Afrika Kusini. Ugali, mwenyeji wa sahani, alikosa nafasi ya jina lake.

Neno lililosafiri na chakula chake

Kwa nini jambo hili litushughulishe sisi tulio katika nchi jirani za pwani? Kwa sababu lugha zetu zinaonyesha njia nyingine ambayo maneno ya chakula yanaweza kusafiri. Wafanyabiashara wa pwani walipoingia bara katika karne ya 19, walikuja na mchele, sukari na baadaye chai. Katika Kiganda leo wali na mchele ni omuceere. Kinyarwanda na Kirundi wana umuceri. Sukari ni isukari, au sukaali kwa Waganda. Chai ni icyayi Kigali na caayi Kampala. Hakuna aliyeweka kibao. Neno liliingia pamoja na gunia, likapikwa, likaliwa, likapewa kiambishi cha lugha mwenyeji, na sasa mtoto wa Bujumbura hajui kuwa liliwahi kuwa geni.

Kiswahili chenyewe kilijijenga hivyohivyo. Asali, kahawa na sukari vina asili ya Kiarabu, mvinyo ni wa Wareno, na kachumbari na chapati vilitoka India. Jiko la pwani lilikuwa maonyesho ya kimataifa kabla ya Crystal Palace, tena bila kiingilio. Tofauti ni kwamba humo neno na chakula vilikuwa kitu kimoja. Huko Harambe, Mmarekani huondoka na neno jiko bila kuonja samaki wa kupaka, na neno boma bila kuona ng'ombe. Neno la namna hiyo ni pambo. Halizai neno jingine, na mgeni hulisahau akifika uwanja wa ndege.

Hatusemi haya kwa kudharau kazi ya wasanifu wale. Wamelifikisha jina la lugha yetu kwa mamilioni ya watu ambao hawatafika Lamu. Lakini ni lazima tukiri kwamba darasa letu mara nyingi hufanana na Harambe kuliko soko la Kampala. Nasi huwapa wanafunzi kibao bila sahani.

Hitimisho

Historia hii, kuanzia Paris ya 1867 hadi Florida ya leo, inaonyesha kwamba chakula cha taifa hupata heshima ugenini pakiwapo mambo matatu: anayegharimia, mpishi anayekijua, na mhudumu anayeweza kulitamka jina lake na kulieleza. Mawili ya kwanza yako nje ya uwezo wa mwalimu wa lugha. La tatu ni kazi yetu. Kijana wetu atakayeajiriwa ugenini, akiulizwa na mgeni jiko ni nini, asiishie kusema ni mahali pa kupikia. Aeleze pia kwamba kwetu mwanamume akioa husemwa amepata jiko.

Tunapendekeza mazoezi yafuatayo kwa madarasa ya mwaka wa kwanza na wa pili:

1. Wanafunzi wachague chakula kimoja cha kwao (kwa mfano matoke, isombe au sombe) na kueleza kwa Kiswahili namna kinavyopikwa, bila kutumia neno la Kiingereza. Inapowezekana, kipikwe na kuliwa darasani.

2. Wachunguze maneno Tamu Tamu na Kitamu, waeleze tofauti ya upatanisho, kisha watunge vibao vitano vya mgahawa vyenye sarufi sahihi.

3. Waandike orodha ya vyakula ya banda la kubuni la Afrika Mashariki: sahani tano, vinywaji vitatu, na sentensi mbili za kueleza kila kimoja.

4. Mjadala: "Ni heri jina la Kiswahili lisilo na chakula chake kuliko kutotajwa kabisa." Unga mkono au pinga.

Kazi zitakazofana tutafurahi kuzipokea na kuwashirikisha wasomaji wengine. Karibuni jikoni.